Kibuyu cha Katungu

Nilijua kabla ya kufunua sufuria. Harufu ya maharagi yaliyoiva ilinipokea mlangoni, pamoja na kitunguu na mafuta ya mawese, nami nikasimama pale na mwavuli wangu ukidondosha maji miguuni, nikiutazama ungo mtupu ulioegemezwa ukutani. Eliane, mke wa mwanangu Mathe, alikuwa ameinamia mbabula, akikoroga taratibu. Aligeuka na kutabasamu kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi bila kutumwa.

"Mama, mvua ilikuya ghafula, nikaingiza maharagi. Na bamama ba chorale ya kanisa bako njiani, donc nikasema nipike tu. Ni majivu ndiyo ilinisumbua kuosha."

Nilifunua sufuria. Yalikuwa humo yote. Asubuhi yalikuwa meupe, kila moja na doa jekundu kando ya jicho. Sasa yalikuwa ya kahawia, ngozi zimepasuka, mchuzi umeshika. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Jumamosi, kule Beni, Abigaïl binti Kanyere angefunga ndoa na Phinées wake, na zawadi yangu ya harusi ilikuwa inachemka.

Sikumgombeza. Wanaonijua hawaamini nikiwaambia hivyo, maana mdomo wangu unajulikana mtaa mzima wa Vulamba hapa Butembo, lakini siku ile ulinyamaza wenyewe. Nilivuta kigoda, nikaomba sahani. Nilitaka kujua kama ladha ile bado ipo. Ilikuwepo, ileile, na mimi nilikuwa sijaionja kwa miaka karibu kumi. Nilikula huku machozi yakinitoka, na Eliane akaniomba msamaha kwa ajili ya moshi, ingawa mbabula wetu ni wa makaa na ulikuwa hautoi moshi wowote.

Mimi ni mtu wa Musienene, nilizaliwa kwenye baridi na viazi. Vagheni aliponioa alikuwa mchuuzi wa mchele na mawese, akanipeleka Eringeti, ambako jua linawaka tangu asubuhi na mtu wa milimani hajui ashike wapi. Maharagi niliyopanda mwaka wa kwanza yaliota vizuri, yakaoza vizuri. Jirani yangu Kanyere alinitazama wiki mbili juu ya ua, kisha akashindwa kuvumilia, akaingia shambani kwangu na jembe lake. Tulikuwa na umri mmoja. Alinifundisha nipande lini, nipalilie vipi, hata namna ya kulala mchana bila mume kujua. Jina langu, Godelive, alilikata katikati siku ileile, akaniita Gode.

Maharagi yake hayakufanana na ya mtu mwingine. Aliyaita ya Katungu, kwa jina la mama yake, aliyempa mbegu siku alipoolewa. Kwao ndivyo ilivyokuwa: binti akitoka kwenda kwa mume, mama humshikisha kibuyu cha mbegu zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasiingie. Baba hutoa baraka, wajomba hutoa maneno mengi, lakini kibuyu ni cha mama peke yake. Siku Vagheni alipohamishia biashara yake Butembo, baada ya miaka tisa, Kanyere alinipimia kikombe kimoja cha mbegu hizo na kunikataza nisizile zote.

Nilizipanda katika shamba la baba yangu kule Musienene. Msimu wa kwanza zilitetemeka kwa baridi, zikachelewa wiki tatu nzima. Msimu wa tatu zilikuwa zimezoea, kama mimi nilivyozoea Eringeti. Vagheni alifariki, watoto wakakua, na mimi nikaendelea kupanda.

Kisha yalikuja yale mambo ya upande wa Beni, ya watu kuuawa na kukimbia vijiji. Sitayasimulia hapa, kila nyumba kwetu ina yake. Kanyere, aliyekuwa mjane tayari, alitoka Eringeti akimshika Abigaïl mkono, na Biblia, na sufuria moja isiyo na kifuniko. Watu wa kanisa lake walimpa chumba hapahapa Vulamba, si mbali na kwangu. Niliposikia, nilikimbia. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, kwa hiyo nilipitia sokoni, nikanunua gunia la maharagi, nikalipandisha kwenye pikipiki na mimi nyuma yake.

Uani nilikuta wanawake wengi wamepanga mstari, wanaandikwa kwenye orodha ya msaada. Kanyere alikuwa wa tatu au wa nne. Nami, kwa furaha ya kumwona yuko hai, nilianza kusema nikiwa bado getini, kwa sauti yangu hii ninayoijua.

"Kanyere! Nimekuletea maharagi. Minajua badéplacé hamuna kitu."

Wale wanawake wote, wakimbizi wa vita kama yeye, waligeuka. Kanyere alilitazama gunia, akanitazama mimi, akasema, "Merci, maman," kama mtu anavyomshukuru mama asiyemjua dukani. Kesho yake gunia lile lilionekana kanisani kwao, likigawiwa kikombe kwa kikombe hadi likaisha. Nilikasirika. Nilipita nyumba hadi nyumba nikisema yule mwanamke ana kiburi, hata njaa haikumfundisha. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mtu aliyenilisha na kunipa mbegu, mimi nimemwita fukara mbele ya watu, tena kwa maharagi. Na mbegu ya mama yake ilikuwa nyumbani kwangu wakati wote ule, juu ya kabati. Sikuifikiria hata kidogo.

Nilipoelewa, alikuwa amekwisha kuhamia Beni. Sikwenda. Nilikuwa na sababu, leo barabara, kesho magonjwa, lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Tangu wakati ule sikuweza kuyapika yale maharagi. Kila msimu nilipanda mistari michache, ya kuifanya mbegu isife tu, nikavuna, nikatia majivu, nikarudisha kibuyu juu ya kabati, na sikumweleza mtu.

Mwezi wa saba mwaka huu, Abigaïl alinibishia hodi. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Ni mwalimu sasa, na Phinées ni mwalimu wa shule hiyohiyo. Alinipa kadi ya harusi kwa mikono miwili, akanywa chai, akanieleza kuhusu kipande cha shamba walichopata pembeni ya mji wa Beni. Mama yake ndiye anayelima. Hupanda maharagi ya sokoni, akayapika, akalamba kijiko, kisha akasema, hii hapana yenyewe. Kila mara, Abigaïl alisema akicheka, hii hapana yenyewe. Kibuyu kilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa chake, alipokuwa akisema hivyo, na mimi sikuinua macho.

Nilimuuliza kama mama yake anajua amekuja kwangu.

"Anajua, tantine. Hakusema ukuye." Alizungusha kikombe chake mezani. "Mais hakukatala."

Wiki nzima nilizunguka madukani. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na zawadi za harusi hazikosekani: mazulia, sahani za maua, magodoro yaliyofungwa kwa nailoni, na thermos. Hasa thermos. Kuna nyumba hapa mjini zenye thermos saba na vikombe viwili. Niliishika moja nyekundu nikaizungusha hadi muuzaji akachoka nami, na kila nilipotaka kufungua mkoba nilisikia ile sauti ya Abigaïl na kijiko chake. Nilijua kinachotakiwa. Nilichoogopa ni kwenda mbele ya Kanyere, mbele ya watu, kwa mara ya pili, na maharagi mkononi. Akidhani namdhihaki, basi, tumezikana. Nilikuwa na nafasi hii moja ya kumrudisha rafiki yangu, na sikuwa na uhakika kwamba nitapata nyingine kabla hatujafa.

Siku ya Jumatano niliamua. Alhamisi asubuhi nilishusha kibuyu, nikamwaga mbegu zote kwenye ungo ili nichague zilizo safi, nikauacha ungo juani, nikaenda kusuka nywele za harusi. Akiba haiozi, walisema wazee. Hawakusema kama inaweza kupikwa.

Wale mama waimbaji wa chorale walikula hadi wakafuta sahani kwa vidole. Mmoja alimuuliza Eliane siri ya mapishi yake. Walipoondoka, nilimkalisha Eliane chini, nikamweleza yote, gunia na geti na haya yangu. Aliweka mkono mdomoni.

"Mama, mimi hapana kujua."

Nilimwambia kweli, hakujua, na angejuaje? Mtu ameficha jambo juu ya kabati miaka kumi, halafu anashangaa wa nyumbani hawalijui. Kisha akaniuliza taratibu, kama anayegusa jeraha, "Hakuna mutu mwingine ulishapatia ile mbegu?"

Nilikuwa karibu kusema hakuna, halafu nikamkumbuka Maliro.

Maliro ni jirani wa shamba letu Musienene, mwanamke mwenye watoto wengi na maneno machache. Miaka sita iliyopita aliyaona maharagi yangu, akayapenda, akaomba mbegu kidogo. Sikutaka kumpa. Nilimpimia nusu kikombe, na hiyo nusu yenyewe niliipima nimeingiza kidole gumba ndani ili kikombe kionekane kimejaa kuliko kilivyo, nikamwambia haya maharagi si kitu, yanachelewa kuiva. Tangu siku ile hakuniomba kitu tena.

Ijumaa nilifika kwake juu ya pikipiki, nywele zangu mpya zimefungwa kwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu. Alinikaribisha jikoni. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianzia katikati, nikamuuliza kama ile mbegu niliyompa zamani ilikufa.

"Maharagi ya Godelive?" alisema. "Iko."

Ndivyo walivyoyaita pale kwao, kwa jina langu. Alivuta gunia kutoka pembeni, akalifungua: alikuwa ameyachanganya na ya njano na meusi, yote ya kula. Maliro alitandika mkeka, akamwaga, akapiga magoti upande mmoja, na mimi upande wa pili. Tukachagua moja moja, lenye doa jekundu huku, mengine kule. Tulianza umande haujakauka, tukamaliza saa tisa mchana, magoti yangu yakilia. Katikati ya kazi nilimsimulia habari yote, sijui kwa nini ilikuwa rahisi kuisema nikiwa nimeinama. Nilimwambia pia kwamba jina alilolipa maharagi si sahihi. Si ya Godelive. Ni ya Katungu, mama yake Kanyere.

"Basi huyo Katungu alilisha batoto bangu saba," Maliro alisema, na mikono yake haikusimama.

Nikakumbuka kidole changu ndani ya kile kikombe, nikazidi kuinama juu ya mkeka.

Zilipatikana mbegu za kujaza kibuyu nilichokuwa nimekuja nacho. Nilimwambia abakize zake, akasema hapana, msimu haujafika, atasubiri. Alichota majivu ya jiko lake mwenyewe, akachanganya kwa kiganja, akaziba mdomo wa kibuyu kwa jani kavu la mgomba. Nilipokuwa napanda pikipiki ndipo akaniuliza swali lake moja la siku ile.

"Kwabo si mama ndiye anapatiaka binti kibuyu? Na wewe ni mama yake?"

Kutoka Musienene hadi Vulamba niliwaza hilo. Kesho yake kutoka Butembo hadi Beni bado niliwaza hilohilo, kibuyu mapajani ndani ya kikapu kipya, kimefunikwa kitenge, na gari limejaa watu wa harusi wanaoimba. Nilipoteremka Beni, mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kukishika.

Ibada ya kanisani ilikuwa nzuri, ila siikumbuki. Nakumbuka shingo ya Kanyere tu, mbele yangu safu tano, na mvi ambazo sikuwahi kuziona. Katika salle, ukumbini, baada ya chakula, protocole mwenye kuongoza sherehe alishika mikrofoni akaita zawadi, na muziki ukapanda. Mnajua tunavyofanya: unakwenda na zawadi yako ukicheza, polepole, watu wakuone, hadi mezani kwa maharusi. Ndugu za Phinées walipita na godoro vichwani. Walipita watu wa shule na meza. Nilihesabu thermos nne kisha nikaacha. Zamu ya wageni wa Butembo ilipofika, nilicheza kama wengine, kikapu kifuani, nikafika mbele ya meza, Abigaïl akanyoosha mikono akitabasamu. Nikampita.

"Mama wa Butembo, umepotea!" protocole alisema kwenye mikrofoni. "Maarusi bako huku!"

Watu wakacheka. Niliendelea hadi kwenye kiti cha Kanyere, nikapiga magoti, magoti yale yaliyokuwa bado yanauma, nikaweka kikapu miguuni pake na kuondoa kitenge. Protocole, ambaye Mungu amsamehe, alikuja nyuma yangu akachungulia, akatangaza kwamba mama ameleta maharagi, tena na majivu yake. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Kanyere hakucheka. Uso wake ulifunga, nami nikauona ule uso wa uani siku ile ya orodha, nikafikiri, basi, imekwisha, nimelirudia kosa langu lilelile.

Aliinama hata hivyo. Alichomoa jani, akaingiza vidole viwili, akatoa mbegu moja. Aliifuta majivu kwa kitenge chake cha harusi, kipya kabisa, akaisogeza karibu na macho. Akaigeuza hadi akaona doa. Muziki ulikuwa bado unapiga, lakini mimi nilikuwa sisikii kitu isipokuwa pumzi zake.

"Ilitoka wapi?"

"Kwako," nilisema. "Ni ya Katungu. Niliileta kwako, maana si mimi wa kumupatia Abigaïl."

Aliirudisha ile mbegu ndani. Kisha akasimama na kibuyu chote, akaenda nacho kwa binti yake, bila kucheza, akipita katikati ya godoro na meza na mazulia. Abigaïl alimwona anavyokuja akaacha kutabasamu, akapiga magoti na gauni lake jeupe, akainua viganja viwili. Yule protocole mwenyewe alishusha mikrofoni. Kanyere aliweka kibuyu viganjani mwa mwanawe na kumwambia jambo sikioni, nami sijui alimwambia nini na sikuuliza. Nililia palepale chini, sasa bila mtu kusingizia moshi, na ile hofu niliyoibeba miaka kumi nikaihisi inanitoka mabegani kama mzigo wa kuni ukifika nyumbani.

Baadaye, wageni walipokuwa wakiagana uani, Kanyere alinijia. Alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga fundo, na fundo lilikuwa zito. Alikaa kando yangu kwenye benchi. Kwanza alisema nywele zangu zimesukwa vibaya. Kisha akanipa lile fundo.

"Gode," alisema. "Hii ni nusu. Abigaïl amekubali. Rudisha Musienene, upande. Kama tutakimbia tena, tujue fasi mbegu iko."

Nilitaka kumwambia hawatakimbia tena, lakini hilo si la mtu kuahidi, na Kanyere si mtu wa kudanganywa. Nikasema nitapanda. Akasema, "Wasingya," shukrani ya nyumbani, akaegemea bega langu kama mtu aliyechoka, na tukakaa hivyo hadi dereva wa gari la Butembo alipoanza kupiga honi.

Mwezi wa tisa nilipanda mistari kumi na mbili. Eliane alikuja nami kuzifukia, na kila mbegu aliniuliza kama ndiyo yenyewe. Kabla ya kuanza nilipita kwanza kwa Maliro. Nilimpimia kikombe kizima mbele ya macho yake, kikajaa hadi zikamwagika, na kidole changu nilikiweka nje.